Sir Harry Johnston: Brashi iliyochora ndege, kalamu iliyogawa ardhi

MTU akifika Gongoni, kaskazini mwa Malindi, ambako mabwawa ya chumvi yanapakana na mikoko na mdomo wa Mto Sabaki hauko mbali, hukuta ndege wa kila namna. Wapo heroe, shakwe, korongo na kitwitwi, baadhi yao wageni waliovuka majangwa na bahari kutoka Ulaya na Asia. Wenyeji wamewapa viumbe hao majina tangu enzi za mababu. Lakini akifungua kitabu cha ndege kilichoandikwa na wataalamu, atakuta majina ya aina nyingine kabisa, mengi yakiwa ya Wazungu waliofariki zamani. Kulukulu wa misitu ya pwani, kwa mfano, anaitwa kwa jina la Gustav Fischer, daktari Mjerumani aliyepita nchi za Witu na Mto Tana mnamo 1877 na 1878.

Majina hayo hayakuja kwa bahati. Yaliletwa na kizazi cha watu walioingia Afrika Mashariki wakati wa utawala wa Malkia Victoria wa Uingereza, bunduki begani, daftari mkononi na kijisanduku cha rangi za maji ndani ya mizigo ya wapagazi. Miongoni mwao hakuna aliyeacha alama nyingi kuliko Harry Hamilton Johnston. Hakuishi Gongoni wala Malindi; lango lake la kuingilia nchi hizi lilikuwa Mombasa. Hata hivyo, kuanzia Taveta hadi Entebbe, na kutoka Ziwa Nyasa hadi msitu wa Ituri, mkono wake ulifanya kazi mbili kwa pamoja: ulichora viumbe wa nchi na ulitia saini mikataba iliyowanyang'anya watu nchi hiyo.

Johnston alizaliwa tarehe 12 Juni, 1858, katika mtaa wa Kennington, kusini mwa London. Alitoka katika familia kubwa ya watu wa tabaka la kati, baba yake akiwa mfanyakazi wa kampuni ya bima. Akiwa kijana mdogo alipenda kwenda kuchora katika bustani ya wanyama ya London, na hakuridhika na sura ya nje tu. Alichunguza pia mizoga ili ajue mifupa na misuli inavyoshikana chini ya ngozi. Alisoma lugha za Ulaya katika chuo cha King's College, kisha kuanzia 1876 akajifunza uchoraji katika chuo cha Royal Academy, kilichokuwa kitovu cha sanaa nchini Uingereza.

Ili msomaji aelewe thamani ya mafunzo hayo, ni lazima akumbuke hali ya sayansi ya viumbe wakati huo. Kamera zilikuwapo, lakini hazikuweza kunasa rangi, wala hazikuweza kumfuata ndege arukaye. Aliyetaka kumjulisha ndege wa Afrika kwa wasomi wa London alimpiga risasi, akamchuna, akaipaka ngozi dawa ya sumu ili isiliwe na wadudu, akaijaza pamba na kuipeleka kwa meli. Ngozi ilihifadhi manyoya, lakini si vyote. Rangi ya macho, ya miguu na ya ngozi iliyo wazi usoni hufifia mara tu ndege anapokufa. Ndiyo sababu brashi ilihitajika papo hapo, porini. Rangi za maji zilifaa kwa kazi hiyo kwa kuwa hukauka haraka, ni nyepesi kubeba, na huhitaji maji tu na karatasi.

Wachoraji wengi mashuhuri wa ndege wa enzi hiyo walichora wakiwa mezani London, wakitazama ngozi zilizokauka na kubuni mkao wa ndege ambaye hawakupata kumwona hai. Johnston alikuwa tofauti. Aliweza kumwona ndege akiwa mtini, kumpata, kumchunguza, kumchora na kisha kuandika habari zake kwa kalamu yake mwenyewe. Uwezo huo wa mambo mengi kwa wakati mmoja ndio uliompandisha cheo upesi.

Safari zake zilianza Tunis mnamo 1879. Mwaka 1882 alifuatana na bwana mkubwa mmoja wa Uingereza hadi kusini mwa Angola, na mwaka uliofuata akapanda Mto Kongo, ambako alikutana na Henry Morton Stanley. Kitabu alichokitoa 1884 kuhusu mto huo, kikiwa na michoro yake mwenyewe, kilimfanya ajulikane. Vyama vya wanasayansi vya Uingereza vilipotafuta mtu wa kwenda kuchunguza mimea na wanyama wa Mlima Kilimanjaro, jina lake likateuliwa. Wakati huo alikuwa na umri wa miaka 25 tu.

Mwaka 1884 alifika Unguja, ambako John Kirk, balozi wa Uingereza na mtaalamu wa mimea, alimsaidia kujiandaa. Akavuka hadi Mombasa, akapanda Rabai, kisha akaikata nyika kavu ya Taru na nchi ya Wataita pamoja na msafara wa wapagazi hadi Moshi, kwa Mangi Rindi. Alikaa katika eneo la mlima kwa muda wa miezi sita hivi. Alipanda hadi kimo ambacho kwa hesabu zake kilikaribia mita 5,000, ingawa hakufika kileleni; heshima hiyo ilimwangukia Mjerumani Hans Meyer mnamo 1889.

Huko juu, penye baridi kali na mimea ya ajabu yenye mashina manene kama nguzo, Johnston alimpata chozi mwenye manyoya ya kijani yang'aayo kama shaba iliyosuguliwa, mkia mrefu na vishungi vyekundu kifuani. Ndege huyo hunyonya maua ya lobelia katika maeneo ambayo ndege wengine wengi hawawezi kuishi. Mnamo 1885 mtaalamu wa London, G. E. Shelley, alimtangaza kwa jina la Kilatini la Nectarinia johnstoni. Mmoja wa mimea mikubwa ya mlima huo nao ulipewa jina la Johnston. Wachagga, ambao wazee wao waliupanda mlima huo vizazi na vizazi wakitafuta asali na wanyama, hawakuulizwa wao walimwitaje chozi huyo.

Safari ya Kilimanjaro ilipangwa kuwa ya sayansi. Lakini pamoja na ngozi za ndege na mimea iliyokaushwa, Johnston alirudi na kitu kingine: makubaliano aliyoyapata kwa wakuu wa maeneo hayo, pamoja na Taveta. Karatasi hizo zilipewa wafanyabiashara wa Uingereza na zikawa miongoni mwa misingi ya madai ya nchi hiyo katika bara la Afrika Mashariki. Uingereza na Ujerumani zilipochora mpaka mnamo 1886, mlima ukaenda kwa Wajerumani na Taveta ikabaki upande wa Waingereza. Mpaka huo ungalipo hadi leo, ukitenganisha Kenya na Tanzania na kuzigawa jamaa zilizokuwa zikitembeleana bila kuulizwa vyeti.

Tangu hapo Johnston akaingia rasmi katika utumishi wa serikali yake. Alipelekwa kuwa balozi mdogo Kamerun na katika delta ya Mto Niger. Huko, mnamo 1887, alimwita Mfalme Jaja wa Opobo katika mazungumzo huku akimhakikishia usalama. Jaja alikuwa mfanyabiashara hodari wa mawese aliyekataa kuwaachia Waingereza soko lake. Alikamatwa, akahamishiwa visiwa vya mbali vya Karibea, na akafariki 1891 alipokuwa njiani kurudi kwao. Tendo hilo lilibaki kuwa doa katika sifa ya Johnston, na kwa watu wa Opobo halijasahauliwa.

Mwaka 1891 alikabidhiwa utawala wa himaya iliyokuja kuitwa Nyasaland, ambayo leo ni Malawi. Alipigana na wafanyabiashara wa watumwa, na vita hivyo vilimalizika Karonga mnamo Desemba 1895, wakati Mlozi, mfanyabiashara wa Kiswahili aliyejitawalia eneo la kaskazini mwa Ziwa Nyasa, aliponyongwa. Kukomeshwa kwa biashara ile kuliwaokoa wengi. Lakini Johnston huyo huyo ndiye aliyepitia madai ya walowezi waliosema wamenunua ardhi kwa machifu, akayapunguza baadhi, kisha akawapa hati za kumiliki maeneo makubwa mno. Wenyeji wengi wakajikuta wapangaji katika mashamba ya wageni juu ya ardhi ya wazee wao. Katikati ya kazi hizo hakuacha kuchora, na kitabu alichokitoa 1897 kuhusu nchi hiyo kilijaa habari za ndege, wanyama na mimea. Serikali yake ilimtunuku cheo cha Sir mnamo 1896.

Kilele cha maisha yake kilikuwa Uganda. Alipelekwa huko 1899 akiwa mjumbe maalumu, wakati nchi imechoshwa na vita na Kabaka Mwanga amekwisha kuhamishiwa Shelisheli. Mfalme aliyekuwa kitini, Daudi Chwa, alikuwa mtoto mdogo, na mamlaka yalishikwa na watawala wa muda watatu: Apolo Kagwa, Stanislaus Mugwanya na Zakaria Kisingiri. Hao ndio Johnston aliojadiliana nao mkataba uliotiwa saini tarehe 10 Machi, 1900.

Mkataba huo uliigawa Buganda kwa maili za mraba. Maili zipatazo 8,000 zilipewa machifu na wakubwa wengine wapatao 1,000, na hivyo ukazaliwa mfumo wa ardhi unaojulikana kwa jina la mailo. Nyingine zipatazo 9,000, zilizohesabiwa kuwa nyika na ardhi isiyolimwa, ziliwekwa chini ya serikali ya Malkia. Kila nyumba ikatozwa kodi ya rupia 3. Mkulima wa kawaida, aliyekuwa akilima kwa haki ya ukoo na utii kwa chifu, akaamka asubuhi na kuambiwa kwamba shamba lake lina mwenyewe. Migogoro iliyotokana na mgawanyo huo haijakwisha nchini Uganda hadi leo. Vilevile katika ripoti zake Johnston alizisifu nyanda za juu zenye baridi, ambazo leo zimo Kenya, kuwa zinafaa kwa makao ya Wazungu. Maneno ya namna hiyo ndiyo yaliyofungua njia kwa walowezi.

Wakati huohuo Sir Harry alikuwa akikusanya viumbe kwa juhudi isiyo na kifani. Alipanda milima ya Ruwenzori na kurudi na vielelezo vipya. Kulukulu mzuri wa milima hiyo, mwenye mabawa mekundu ambayo huonekana vizuri anaporuka, alipewa jina lake mnamo 1901. Lakini kiumbe aliyemletea umaarufu usiofutika hakuwa ndege, wala hakumwona akiwa hai hata siku moja.

Stanley alikwisha kuandika mnamo 1890 kwamba Wambuti wa msitu wa Kongo wanamjua mnyama mfano wa punda ambaye humnasa katika mashimo. Mwaka 1900 nafasi ya kulichunguza jambo hilo ikampata Johnston kwa njia isiyotarajiwa. Mjerumani mmoja aliwachukua Wambuti kadhaa kwa hila ili akawaoneshe kwa watazamaji katika maonyesho makubwa ya Paris. Johnston aliwaokoa, akakaa nao Uganda kwa muda, kisha akawarudisha mwenyewe kwao Ituri. Njiani aliwauliza kuhusu mnyama huyo. Wakamweleza kwa ufasaha jinsi alivyo, mistari ilivyo miguuni mwake na jina lake, ambalo yeye alilisikia kuwa okapi.

Walipofika msituni walimwonyesha nyayo zake. Hapa ndipo mchoraji huyo hodari, aliyejifunza kuamini jicho lake kuliko kitu chochote, aliposhindwa na jicho lake. Alikwisha kuamua moyoni kwamba okapi ni jamii ya farasi na punda milia, na farasi ana ukwato mmoja. Nyayo alizooneshwa zilikuwa za kwato mbili, kama za ng'ombe au swala. Akakataa kuzifuata, akidhani wenyeji wamemwonyesha nyayo za mnyama mwingine. Wambuti walikuwa wamesema kweli. Homa ilipowashika watu wa msafara wake, akaondoka akiwa na vipande viwili tu vya ngozi yenye mistari, vilivyokuwa vimetengenezwa mishipi.

Vipande hivyo vilipofika London, wasomi nao wakaingia katika kosa lilelile. Mwanzoni mwa 1901 walimtangaza mnyama huyo kuwa aina mpya ya punda milia, kwa jina la Equus johnstoni. Miezi michache baadaye Karl Eriksson, ofisa Msweden aliyekuwa akitumikia Dola Huru ya Kongo, alimpelekea Johnston ngozi nzima na mafuvu mawili. Johnston alipoyatazama meno na kwato, mafunzo ya ujanani mwake yakamsaidia: akatambua mara moja kwamba huyu si punda bali ni ndugu wa twiga. Akaketi akachora picha ya rangi ya mnyama huyo kwa kuikadiria ngozi na mifupa iliyokuwa mbele yake, na picha hiyo ikawapa watu wa Ulaya sura ya kwanza ya okapi.

Mwaka huohuo mnyama akapewa jina analolitumia hadi sasa katika vitabu vya sayansi: Okapia johnstoni. Jina hilo ni ushahidi mdogo wa haki ambao haukukusudiwa na mtu yeyote. Neno la kwanza ni la watu wa msituni, waliomjua mnyama tangu zamani. Neno la pili ni la mgeni aliyewaletea wasomi habari zake baada ya kwanza kuukataa ukweli aliooneshwa. Chozi wa Kilimanjaro na kulukulu wa Ruwenzori hawakupata hata nusu hiyo.

Kitabu chake kikubwa kuhusu Uganda kilitoka 1902, katika majuzuu mawili yenye picha zaidi ya 500, zikiwamo 48 za rangi alizozichora mwenyewe. Hadi leo ni hazina kwa mtu atakaye kujua nchi ilivyokuwa kabla ya reli na mashamba ya pamba kuigeuza. Lakini msomaji wa Kiafrika hukifungua kwa moyo wenye mashaka, kwa kuwa ndani yake watu wamewekwa katika mpango uleule wa ndege na wanyama: wamepigwa picha, wamepimwa vimo na vichwa, wakapangwa kwa makundi na kupewa alama na mtu aliyeamini kwamba Mzungu ndiye aliye juu ya wote.

Aliporudi Uingereza alijaribu mara mbili kuingia bungeni, mnamo 1903 na 1906, akashindwa. Akahamia kijiji cha Poling, kusini mwa nchi hiyo, akaishi kwa kuandika. Jambo la kuzingatia ni kwamba mtu huyu, ambaye mkusanyo wake ulijengwa kwa bunduki, alikuja kuwa mtetezi wa viumbe. Aliandika utangulizi wa kitabu cha Mjerumani C. G. Schillings kilichotafsiriwa kwa Kiingereza 1906, ambacho kiliwahimiza watu wamfuate mnyama kwa kamera. Alikuwa pia miongoni mwa waliopinga biashara ya manyoya ya ndege, yaliyokuwa yakichomekwa katika kofia za wanawake wa Ulaya huku mamilioni ya ndege wakiangamizwa duniani.

Kazi yake ya mwisho iliyo kubwa ilihusu lugha za Kibantu, ambazo maneno yake aliyakusanya katika safari zake zote. Ilichapishwa katika majuzuu mawili, 1919 na 1922. Mwaka 1923 akatoa habari za maisha yake. Mnamo 1925 alipatwa na maradhi ya kupooza, na tarehe 31 Julai, 1927, akafariki dunia akiwa na umri wa miaka 69. Alizikwa Poling.

Je, tumkumbuke vipi? Si haki kuzichana picha zake, wala si haki kuzitundika ukutani na kuusahau mkataba. Jicho lililoona vishungi vyekundu vya chozi mdogo katika ukungu wa Kilimanjaro ndilo lililotazama mashamba ya mapumziko, malisho na misitu ya matambiko, likaona ardhi tupu. Hilo si suala la Uganda au Malawi peke yake. Mnamo 1914 serikali ya kikoloni, ambayo Johnston hakuwa tena mtumishi wake, iliwafukuza Wagiriama kutoka ng'ambo ya kaskazini ya Mto Sabaki, ikiichukulia nchi ile kuwa mali ya kugawa. Na Gongoni kwenyewe, malalamiko ya wenyeji juu ya ardhi ya mashamba ya chumvi yalikuwa mazito kiasi kwamba mnamo 2005 Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu ya Kenya ilifanya uchunguzi wa hadhara na kutoa ripoti mwaka uliofuata.

Okapi sasa anaishi porini katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo pekee, na tangu 2013 amehesabiwa kuwa katika hatari ya kutoweka. Walinzi wa misitu hiyo wanajua kwamba hawawezi kumhifadhi bila watu wanaoishi naye. Hilo ndilo somo ambalo nyayo za kwato mbili zilimpa Sir Harry Johnston mwaka 1900. Wenyeji walimwonyesha kilichokuwa chini ya miguu yake, naye, kwa kujiamini kwingi, akakipita.